Mwamuzi wa Ngoma ni Nani?

Katika nchi ya Wasukuma, tangu vijiji vya Shinyanga hadi vile vya Geita vinavyopakana na machimbo ya dhahabu, mavuno yakisha kuingia ghalani watu huanza kuulizana habari za mbina. Neno hilo lina maana ya ngoma, lakini kwa wenyewe hubeba pia maana ya mashindano, kwani ngoma isiyo na mshindani huko huhesabiwa kuwa ni nusu ya ngoma. Vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, wapigaji wake na mbinu zake. Hapana meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Watazamaji wako huru kwenda huku na huko watakavyo, na kikundi kiwezacho kuwavuta wengi zaidi na kuwazuia wasiondoke ndicho kilichoshinda.

Twapenda kuizungumza kanuni hiyo kwa kirefu, kwa sababu kwa maoni yetu ni kanuni ya uhakiki iliyokamilika, nayo haikuazimwa kitabuni. Mkulima asiyejua kusoma hutoa hukumu yake kwa miguu. Akichoshwa na wimbo, huondoka. Na manju humwona akiondoka.

Wazee husimulia kwamba mpango huu ulikuzwa katika karne ya 19 na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, ambao wafuasi wao ndio asili ya vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu. Kila mcheza ngoma wa kweli alikuwa wa upande mmoja au wa pili, na hakuwa na aibu ya kutumia dawa za kuwavuta watu. Wasomi wetu wengi huzicheka dawa hizo. Lakini na tuangalie zilitafutwa kwa ajili ya nini. Hazikutafutwa ili kumlainisha mkubwa aliyeketi kitini. Zilitafutwa ili kuugeuza umati. Hata ushirikina, basi, ulikiri mwamuzi alikuwa nani.

Kutokana na ushindani huo zilizaliwa mbinu nyingi mno. Bayeye hucheza na nyoka hai mikononi. Banunguli, waliokuwa chama cha wawinda nungunungu, waliuleta ujuzi wao wa porini uwanjani. Bugobogobo ilitoka shambani, kwa vikundi vilivyolima kwa kufuata mdundo wa ngoma. Na mpaka leo jembe hurushwa juu, hugeuzwa hewani na kudakwa bila mdundo kukatika. Aliyeshindwa mwaka huu alikuwa na mwaka mzima wa kubuni jambo jipya.

Nje kidogo ya eneo tunalolizungumzia, huko Bujora karibu na Kisesa mkoani Mwanza, mashindano haya yalipata mlezi asiyetarajiwa. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyaunganisha na Sikukuu ya Mwili wa Kristo katika miaka ya 1950, na sherehe hiyo ikajulikana kwa jina la Bulabo, yaani maua. Baada ya ibada na maandamano ya Ekaristi, ngoma hushindana. Katika makumbusho aliyoyaanzisha pale kuna jengo la vyama vya ngoma, ambamo Bagika na Bagalu wamepewa heshima yao. Wako waliomlaumu kwa kuipeleka ngoma kanisani. Sisi twaona kwamba alifanya jambo la busara kuliko wengi waliomfuata: aliibadili siku ya ngoma na shabaha ya mkutano, lakini mashindano aliyaacha yabaki mashindano.

Tuulinganishe mfano huo na ule wa Brazili, nchi ambayo watu wake wengi ni wa asili ya Afrika. Mjini Salvador, katika jimbo la Bahia, kila Januari wanawake waliovaa nguo nyeupe huosha ngazi za kanisa la Bonfim kwa maji yenye manukato, huku ngoma zikilia. Hapo pia kanisa na mila vimekutana mlangoni. Mwaka 2002 Wabrazili waliokuwa Ufaransa walianzisha sherehe ya mfano huo mjini Paris. Maandamano hupita barabarani na kuishia kwenye ngazi za kanisa la Madeleine. Kwa Mbrazili aliye mbali na kwao siku hiyo ni chakula cha moyo, na hatuna neno la kuipinga. Lakini mpita njia wa Paris atajuaje kwamba mpigaji wa leo amepwaya? Kwake kila ngoma ni nzuri, maana yote ni mageni. Kule Rio de Janeiro mambo ni kinyume. Shule za samba hupita katika uwanja uliochorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984, na waamuzi hutoa alama hadi sehemu za kumi kwa wapigaji, kwa wimbo na kwa wabeba bendera. Basi, mmoja husifu kila kitu na mwingine hupima kila kitu. Mtazamaji wa mbina hafanani na yeyote kati yao.

Swali letu ni hili: sisi wenyewe tumeipeleka wapi ngoma yetu? Mwaka 1962 Mwalimu Julius K. Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wa wakati ule walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Kazi kubwa ilifanyika. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kiliundwa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Bugobogobo ikajulikana na watu ambao hawajapata kuliona shamba la pamba. Hata hivyo, ngoma ya kutwa nzima ilifupishwa ikawa ya dakika chache, ikachezwa mbele ya jukwaa ambalo hapana awezaye kuliacha mpaka mgeni wa heshima ainuke. Manju aliyezoea kuitazama miguu ya watu akaanza kuutazama uso wa mtu mmoja.

Athari yake imo katika maneno. Mwaka 1988 Elias Songoyi, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza manju wawili pamoja na uhusiano wao na dola: Kalikali wa Usukuma, aliyejulikana kwa ulimi mkali, na Mwinamila wa Tabora, aliyejulikana kwa kuisifu Serikali. Hatusemi kwamba sifa ni dhambi. Ushairi wetu una mlango mpana wa sifa. Twasema tu kwamba wimbo wa lawama hauwezi kuishi mahali ambapo msikilizaji ni yule yule anayelaumiwa, naye ndiye mwenye kutoa posho.

Umati nao una makosa yake, na mshairi hawezi kulificha hili. Tumeuona ukimkimbilia chatu na kumwacha peke yake manju mwenye neno zito. Pengine ndiyo sababu vijana wana wigashe, ambayo huimbwa watu wameketi: aliyeketi husikiliza.

Shuleni, mashindano ya ngoma hutolewa alama kwa sare, kwa mpangilio na kwa kuzingatia muda. Mwalimu atakaye kujaribu njia nyingine hahitaji fedha. Aweke kikundi kimoja kwenye goli hili na cha pili kwenye goli lile, vianze pamoja, na wanafunzi waambiwe wasimame wapendapo na kuhama wapendapo. Ngoma zikinyamaza, amwulize kila aliyehama ni kitu gani kilichomhamisha, na majibu yaandikwe ubaoni kama yalivyotamkwa.