Ubovu Unaojificha Mbele ya Fundi

Kompyuta iliyokufa kabisa haimsumbui fundi. Unabonyeza swichi, kimya. Anaufuata umeme kutoka kwenye plagi hatua kwa hatua mpaka anapofika pale unapokatikia, na hapo ndipo penye kazi. Inayomtoa mtu jasho ni ile inayochapa kazi vizuri asubuhi nzima, ikazima ghafla saa nane mchana katikati ya fomu ya mteja, kisha ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiipeleka kwa fundi inawaka kutwa nzima mezani pake bila kuonyesha lolote, na wewe mwenyewe unaanza kuona haya kwa kuilalamikia.

Ukunda, kando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta havikosekani. Nimekuwa nikikaa kwenye benchi la mmoja wao, kijana wa maneno machache, na kila nikimtazama naamini zaidi kwamba ufundi wake hauko mkononi. Kulehemu anajua, na wenzake wengi wanajua pia. Anachowapita nacho ni subira ya kutosema "tatizo ni hili" mpaka aweze kuliita lije na kulifukuza liende, mbele ya macho ya mwenye mashine.

Niliiona subira hiyo kwa karibu mwezi Juni, wakati saiba zote hujaa watu kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za kodi kwa KRA. Mama mmoja mwenye saiba huko Msambweni alileta kompyuta yake ya mezani.

"Mama, inazima ukiwa unafanya nini?"

"Chochote, mwanangu. Inazima tu."

"Hata asubuhi?"

Mama akafikiri. "Asubuhi mara chache. Sana sana mchana, watu wakishajaa."

"Wakijaa huwa wanataka nini?"

"Ritani, eCitizen, wengine kuprinti tu."

Fundi aliandika yote kwenye daftari, hata lile la kuprinti ambalo mama alilitaja kwa kupitia. Mwenye haraka angepiga Windows upya siku hiyo hiyo na kupokea pesa yake. Mashine ingetulia kidogo, ingeanza tena, na mama angerudi Ukunda na nauli nyingine mfukoni.

Alipofungua ubavu wa kasha, vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Vumbi la pwani yetu si la bara. Limechanganyika na chumvi ya bahari, na chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo vumbi hushikamana na kuganda, blowa peke yake haiwezi kulitoa. Likikaa hula shaba na kuacha ukoko wa kijani. Mimi ningeanza kwa kulisafisha. Yeye alilitazama akaliacha.

"Nikisafisha sasa na ikaacha kuzima," alisema, "sitajua imeponea nini."

Neno hilo ndilo lililonifanya niendelee kukaa. Badala ya kusafisha, aliwasha mashine, akaipa kazi nzito na kusoma joto la prosesa. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za selsiasi, na zikizidi hapo hujizima zisiungue. Hii haikufika hata 70. Joto la prosesa likafutwa kwenye daftari, pamoja na vumbi lote lile.

Ikafuata ramu. Hapa mafundi wengi huzichomoa, wakasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, wakazirudisha. Ni dawa ya kweli, kwa sababu kutu nyembamba kwenye meno hayo huweza kuangusha mashine. Ila kule kuchomoa na kurudisha tu kunakwangua kutu, na ushahidi unapotea. Yeye aliziacha mahali pake, akaendesha Memtest86 usiku kucha. Ni programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, na kazi yake ni kuandika mpangilio wa sifuri na moja kwenye kila chumba cha ramu, kusoma tena, na kulinganisha. Chumba kimoja kikirudisha kisichoandikwa, inatoa taarifa. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja.

Kisha alisoma mashine ilivyojiandika yenyewe. Windows huweka kumbukumbu ya matukio, na humo tukio namba 41 lilijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Tukio hilo husema kwamba mashine imewaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Draiva inapoanguka, mara nyingi huacha skrini ya buluu na namba ya kosa. Hapa hapakuwa na namba yoyote. Diski nayo hujiwekea hesabu zake. Hesabu ya sehemu zilizoharibika ilikuwa sifuri, lakini hesabu ya mara ilizokatiwa umeme ghafla ilikuwa juu. Vitabu viwili vilivyoandikwa na sehemu mbili tofauti za mashine vilisema jambo moja, kwamba umeme ulikuwa ukikatika.

Umeme wa wapi? Huku kwetu swali hilo huanzia mbali. Pale Diani mbega hupita kwenye nyaya wakapigwa na umeme, na shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, hufunga madaraja ya kamba juu ya barabara na kupogoa miti iliyokaribia nyaya ili wasife. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Kwa hiyo fundi alimpigia mama simu kumuuliza kama taa za saiba hufifia kompyuta inapozima, au kama majirani nao hupotelewa na stima. Mama akasema la, ni kompyuta tu, na ni hiyo hiyo moja.

Akapima pawasaplai kwa mita. Waya wa volti 12 unaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, naye akasoma 11.9. Wa volti 5 ulikuwa sawa. Mashine iliendelea kuwaka siku nzima pale Ukunda bila tatizo. Fundi mwingine angeirudisha akisema ni nzima. Yeye alifungua daftari, akasoma tena neno la mama, akapiga simu nyingine. "Mama, kesho uje na printa. Na ekstensheni yenyewe, ile unayotumia."

Fundi wa baiskeli hatafuti tundu la tyubu kwa macho. Huitumbukiza kwenye beseni la maji aone mapovu yanatokea wapi. Printa na ekstensheni ndizo zilizokuwa beseni la fundi huyu. Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwenye karatasi kwa kuipitisha kwenye rola yenye moto, na rola hiyo inapoanza kupata joto huvuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Vyote vikachomekwa kwenye ekstensheni ile ile, kama inavyokuwa Msambweni. Karatasi ya kwanza ikaanza kuingia. Kompyuta ikazima, ikawaka.

"Ndiyo hiyo!" mama alisema kwa furaha, kama mtu aliyeaminiwa hatimaye.

Fundi hakushangilia. Alifunga pawasaplai nyingine, nzima, akachapa karatasi moja baada ya nyingine. Kompyuta ikatulia. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliirudisha ile ya zamani, akachapa, mashine ikazima. Kisha akaiacha ya zamani humo humo, akahamishia printa kwenye soketi ya ukutani. Mashine haikuzima. Sasa alijua mambo mawili. Pawasaplai ilikuwa imechoka, na ekstensheni nayo ilikuwa mbovu. Alipoigeuza, plastiki pembeni mwa tundu moja ilikuwa imegeuka kahawia kwa moto. Ubovu mmoja peke yake haukuangusha kompyuta. Ilianguka vilipokutana vyote viwili, mchana, wateja wanapojaa na printa haipumziki.

Sababu yake inaeleweka. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na ndani ya pawasaplai kuna kapasita kubwa inayoweka akiba ya kuvukia mabonde hayo. Pawasaplai nzima hutakiwa kuishikilia kompyuta kwa takribani milisekunde 16 hata umeme ukikatika kabisa. Mita ya kawaida haiwezi kuona muda mdogo hivyo, ndiyo maana ile 11.9 ilionekana salama. Printa ilipovuta kupitia ekstensheni iliyolegea, volti zilishuka, na akiba ilikuwa imebaki kidogo mno.

Kabla ya kufungua pawasaplai alichomoa waya, akangoja, kisha akaondoa chaji kwa rezista yenye mikono ya plastiki. Kapasita hiyo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomolewa, na hizo zinaua. Mtu asiyejua asifungue. Ndani, kapasita kadhaa zilikuwa zimevimba vichwani, moja imetoa ukoko wa kahawia. Kapasita za aina hii huzeeshwa na joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wake hupungua kwa nusu. Feni ya pawasaplai ilikuwa imezibwa na vumbi lile lile la chumvi ambalo prosesa ilikuwa imelivumilia. Hapo ndipo fundi alipochukua brashi na kusafisha mashine yote.

Alipotaja bei, mama aliuliza kwa upole mbona kuangalia nako kulipiwe, hali kilichobadilishwa ni pawasaplai na ekstensheni. Swali hilo nalisikia kila mahali, na nadhani ndilo linaloua ufundi huu. Tukilipia kipuri tu, tunamfundisha fundi kubadilisha vipuri mpaka abahatishe. Usiku ule wa Memtest, simu zile mbili, kurudisha pawasaplai mbovu ili ithibitike ni yenyewe, hiyo ndiyo kazi iliyomwokolea mama ramu, diski na ubao mkuu ambavyo angeuziwa bure. Fundi alimwonyesha daftari, mstari kwa mstari, kila kilichofutwa na sababu yake. Mama alisoma, akalipa yote.

Anayepeleka mashine kwa fundi aende na habari zake pia: inazima saa ngapi, ikifanya nini, nini kingine kimechomekwa pamoja nayo. Akifika, amwombe fundi ataje alichokithibitisha kuwa kizima kabla ya kumwonyesha kibovu. Anayeweza kujibu hilo alipwe kwa muda wake wote aliotumia kuangalia.