Kusikia na Kutii: Neno Moja katika Habari za Sauli

Sura ya 15 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli yazunguka kitenzi kimoja cha Kiebrania, shama, maana yake kusikia, na pia kutii. Sauli aagizwa asikie; Samweli afika na kusikia mlio wa kondoo walioamriwa wauawe; amwambia mfalme kwamba kusikia kwapita sadaka; hatimaye Sauli aungama kuwa aliwaogopa watu, akasikia sauti yao. (Amri yenyewe yatisha, wala si nia yangu kuitetea.)

Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 imeweka “kutii” penye habari ya sadaka. Si kosa, walakini mnyororo umekatika, na mlio wa kondoo hauhusiani tena na hukumu ya mfalme. Nayo lugha yetu haikupungukiwa kitu: mtoto mkaidi twasema hasikii. “Kutii”, neno lenye asili ya Kiarabu, lamweka msomaji mbele ya mtawala. “Kusikia” lamweka mbele ya anayesema naye. Hata torah, kabla wafasiri wa Kiyunani hawajaiita nomos, yaani sheria, ilikuwa mafundisho. Basi anayemwona Sauli kuwa mvunja kanuni tu amesoma nusu ya habari. Kanuni aliijua, na mifugo iliyobakizwa alidai ni ya sadaka.