Alumini Haioni Haya

Mashariki mwa Kongo, kutoka Sake kupanda Mushaki, kuipita Masisi na Nyabiondo hadi Walikale, barabara haiihurumii pikipiki. Upande wa Masisi ni milima ya malisho, mawe na mashimo. Ukiteremkia Walikale ni msitu, mvua na tope. Petroli hununuliwa kwa makadafi, wauzaji wa kando ya njia, kwa chupa au kwa bidoni. Maji yakijipenyeza humo, tangi la chuma huota kutu kwa ndani, na mtikiso humaliza kazi kwenye maungio.

Alumini haioti kutu ya namna hiyo, na kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma. Lakini anayetaka kuunda tangi la alumini kwenye karakana ya nyumbani amechagua kazi ngumu. Chuma kikipata moto huona haya: huwa chekundu, kisha cha chungwa, nawe unajua ulipofika. Alumini haioni haya. Hubaki na weupe wake uleule mpaka ghafla inaanguka chini kama uji.

Hesabu yenyewe ni finyu. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Fimbo ya kulehemu, iliyochanganywa na silikoni kama asilimia 12, huyeyuka karibu na nyuzi 580. Fundi ana nyuzi zipatazo 80 tu za kuchezea, wala hana kipimajoto. Juu ya hapo, bati limevikwa utando mwembamba wa oksidi ambao hauyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Usipouondoa, fimbo itayeyuka na kuviringika juu yake bila kushika.

Basi fundi hutafuta mashahidi wengine. Kabla ya kukunja bati, hupunguza oksijeni kwenye moto wa gesi mpaka utoe moshi, akalipaka bati masizi. Kisha huurekebisha moto na kulipitishia polepole. Masizi yakitoweka, bati limelainika na litakunjika bila kupasuka. Wakati wa kulehemu, shahidi ni dawa ya unga aliyoikoroga na kupaka kwenye ungio. Kwanza hukauka na kuwa nyeupe, kisha huvimba, mwisho hutulia na kung'aa kama maji. Hapo ndipo fimbo hugusishwa. Ikiwa bati limeiva sawasawa, lehemu hukimbia yenyewe ndani ya ufa, ikifuata joto. Fundi hodari haisukumi; huongoza moto tu, na lehemu humfuata.

Ustadi mwingine umo katika kukataa. Bati lenye magnesi nyingi halishikani vizuri na dawa hiyo, kwa hiyo fundi hulirudisha hata likiwa zuri kwa macho. Ungio lenye mwanya mpana hulikunja upya, kwa sababu lehemu huvutwa na mwanya mwembamba. Ndani ya tangi huweka kizuizi chenye matundu, petroli isipige kuta kila pikipiki inaporuka shimo. Na akiletewa tangi kuukuu la kuziba, haligusi kwa moto kabla ya kuliosha na kulijaza maji hadi karibu na sehemu inayovuja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hujificha chini ya tangi linaloonekana tupu, ukingoja cheche.

Baada ya moto huja kazi isiyo na sifa. Ile dawa iliyosaidia hugeuka adui: ina chumvi zinazovuta unyevu na kuila alumini. Lazima iondolewe kwa maji ya moto na brashi, nje na ndani, hata kwenye kona ambazo mkono haufiki. Kisha tangi huzibwa, hutiwa hewa kidogo, na mishono hupakwa povu la sabuni. Kipovu kimoja kikikua, fundi hurudi mwanzo.

Mnunuzi hutazama mshono wa nje, na mshono wa nje ndio rahisi kuupendezesha kwa tupa. Kabla ya kutoa pesa kwa tangi la safari ya Walikale, muulize fundi aliliosha vipi na alilijaribu vipi. Aliye hodari atakujibu kwa urefu, maana huko ndiko muda wake mwingi ulikokwenda.