Vyombo vya az-Zahrawi: Sanad Iko Wapi?

Si mara moja tumeona picha ya visu, koleo na misumeno midogo ikiwa na maelezo chini yake kuwa hivyo ndivyo vyombo vya upasuaji vya Abul-Qasim az-Zahrawi. Picha hizo hubandikwa katika maonyesho ya madrasa na kutajwa kwa fahari katika mihadhara. Nia ni njema, lakini dai lenyewe halina sanad, na kulinyamazia si haki.

Tuanze na lililothibiti. Az-Zahrawi, mtu wa Madinat az-Zahra karibu na Qurtuba, alifariki yapata mwaka 1013 Miladia. Kitabu chake At-Tasrif kina maqala 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ipatayo 200 ya vyombo. Gerard wa Cremona aliifasiri maqala hiyo kwa Kilatini katika karne ya 12, na mwaka 1973 Spink na Lewis walichapisha matini yake ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Huu ni ushahidi mkubwa, lakini ni ushahidi wa maandishi, si wa chuma. Tena michoro hiyo ilinakiliwa mkono kwa mkono, na umbo la chombo hutofautiana baina ya nuskha na nuskha. Hakuna chombo kilichothibiti kuwa kilitoka mkononi mwake.

Basi vinavyopigwa picha ni nini? Vingi ni vielelezo vya zama zetu, vilivyotengenezwa kwa kufuata michoro. Marehemu Profesa Fuat Sezgin aliisimamia kazi hiyo katika taasisi aliyoiasisi Frankfurt mwaka 1982, na vielelezo vya namna hiyo vimo pia katika makumbusho ya Istanbul yaliyofunguliwa mwaka 2008. Kielelezo ni elimu. Kosa ni la anayeliondoa neno "kielelezo".

Atasema msemaji: umbo lake linafanana na mchoro, basi ni cha zama zake. Hoja hii ni dhaifu. Katika Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano mwaka 79, kimefukuliwa chombo cha kupanulia njia ya uzazi kinachofunguka kwa skrubu. Az-Zahrawi naye alichora chenye skrubu zaidi ya miaka 900 baadaye. Umbo peke yake halitoi tarehe.

Wajuzi wa fani hii hutazama mengine. Katika masanduku ya upasuaji ya karne ya 19 husoma jina lililopigwa kwenye chuma, kama Weiss wa London au Charrière wa Paris, na anwani iliyobandikwa ndani ya kifuniko, kwani fundi alipohama duka anwani ilibadilika. Hutazama mpini: mpingo na pembe za ndovu viliachwa mwishoni mwa karne hiyo, ilipoenea desturi ya kuua vijidudu kwa joto, ambalo huviharibu. Hutazama chuma: kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield mwaka 1913, hivyo kisu cha chuma hicho hakiwezi kuwa cha kabla yake. Hutazama pia nafasi iliyochongwa kwa kila chombo ndani ya sanduku. Kisichokaa sawasawa huenda kimetiwa baadaye. Na hata jina la fundi likithibiti, limethibitisha karakana tu, halikumthibitisha tabibu aliyekitumia.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatuamuru kuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Anayeuza chombo kwa nasaba ya uongo anafanya ghushi, na anayekifundisha kwa nasaba hiyo anaharibu amana ya elimu. Kijana akigundua kesho kwamba kisu tulichomwonyesha ni cha juzi, atakitilia shaka na kitabu, hali kitabu ni cha kweli. Az-Zahrawi hahitaji kuongezewa. Tuandike chini ya picha: kielelezo, kwa mujibu wa At-Tasrif. Hilo lamtosha.