Alama Isemayo Neno Moja



Alama ni mtumishi. Kazi yake ni kumpelekea mtu neno, kisha kunyamaza. Mtumishi asemaye maneno kumi kwa mara moja hasikilizwi. Na mtumishi asemaye vizuri lakini aliyetumwa na bwana mwongo ni hatari. Kwa kipimo hiki tupime leo alama tuzionazo hapa Goma: za biashara, za misaada, na za Kanisa letu.

Kutoka Katoyi kuelekea katikati ya mji, kuta za maduka na miavuli ya wauza unite imejaa alama za kampuni za simu. Tazama ile ya Orange, iliyoanza kutumika Kongo mwaka 2012: mraba mmoja wa rangi ya chungwa, na ndani yake jina kwa herufi nyeupe. Basi. Hakuna mnyama, hakuna ua, hakuna pambo. Hata hivyo mtoto asiyeingia shule bado huitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Unyofu huu umetoka wapi?

Kwa sehemu kubwa umetoka Uswisi. Mjini Zurich, mwalimu Ernst Keller alianza mwaka 1918 kuwafundisha vijana kuchora matangazo na herufi kwa kiasi na kwa kipimo. Baada ya vita ya pili ya dunia, walimu wa Zurich na wa Basel wakayakaza mafundisho hayo. Walisema: ondoa kila kisichohitajika, gawanya ukurasa kwa mistari isiyoonekana, kama seremala apimavyo mbao kabla ya kukata, acha mahali peupe pafanye kazi yake, tumia herufi zisizo na vijimkia. Mwaka 1957 Max Miedinger alichora herufi za namna hiyo kwa ajili ya kiwanda cha Haas, karibu na Basel. Mwaka 1960 zikaitwa Helvetica, kutoka jina la Uswisi kwa Kilatini. Herufi za Orange ni za ukoo huo. Naye Armin Hofmann wa Basel, katika kitabu chake cha mwaka 1965, aliwaanzisha wanafunzi na nukta na mstari, nyeusi juu ya nyeupe. Alama isiyosimama bila rangi, rangi haitaiokoa.

Mafundisho haya yana sifa kubwa, nayo ni heshima kwa msomaji. Hayamchoshi, wala hayamdharau asiyejua kusoma. Tena, miaka mingi kabla ya walimu hao, Uswisi ilikwisha kuipa dunia alama iliyo nyofu kupita zote: msalaba mwekundu juu ya nyeupe, yaani bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, uliokubaliwa na mataifa huko Geneva mwaka 1864. Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa maana yake. Katika hospitali ya CBCA Ndosho waganga wa Msalaba Mwekundu wamewapasua na kuwashona majeruhi wengi wa vita zetu. Alama hiyo haikufanywa nyofu ili ipendeze. Ilifanywa hivyo ili mtu mwenye bunduki aione kutoka mbali na asipige.

Lakini hapo hapo tunaona mpaka wa unyofu. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanakataza mtu yeyote kujitwalia alama hiyo. Walakini ni maduka mangapi ya dawa yameichora mlangoni ili kuvuta wateja? Kila anayefanya hivyo huila imani ambayo kesho majeruhi ataihitaji. Mchoro ni ule ule, mistari ni sawa kabisa, lakini umekwisha kusema uwongo.

Na kampuni je? Wengi wetu tunakumbuka Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain; mwaka 2010 ikawa Airtel. Kila mara alama ilikuwa safi, ya kupendeza, na kila mara tuliambiwa mambo mapya yamekuja. Kumbe alama ya biashara ni kama koti: mwenye mali akibadilika, koti hubadilishwa. Tena leo kampuni nyingi za dunia zimependa unyofu wa Uswisi hata zinafanana kama mayai. Walimu wale walitaka neno lisikike wazi. Warithi wao wengine wana uwazi, lakini hawana neno.

Sasa tuje nyumbani. Wakristu wa kwanza walichora samaki na nanga katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma. Mistari michache tu, na imani yote ilikuwamo. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza kwamba ibada zetu zing'ae kwa unyofu wenye heshima. Lakini tazama nembo nyingi za sikukuu za parokia na za kwaya: msalaba, kikombe, Biblia, njiwa, mikono miwili, ziwa, Nyiragongo inayotoa moshi, ramani ya Kongo, na maneno ishirini kuzunguka yote. Kila mjumbe wa kamati ameongeza chake, na hakuna aliyethubutu kupunguza. Ikichapwa juu ya fulana huonekana kama doa. Tena kila rangi yataka fremu yake kwa mchapaji, na gharama hulipwa na mashirika yetu maskini.

Mtu atasema: ubaridi wa Wazungu si wetu; sisi twapenda rangi na ngoma. Ni kweli, na Kanisa lenyewe lilikubali hivyo lilipoidhinisha Misale ya Kizaire mwaka 1988. Lakini katika Misa hiyo kila hatua ya kucheza ina mahali pake na sababu yake. Unyofu si ufukara. Mwanamke asukaye kikapu huweka rangi nyingi, wala hapotezi mstari.

Nembo ya Jubilei ya mwaka 2025, iliyochorwa na Giacomo Travisani, inatufundisha pande zote mbili. Mguu wa msalaba unakuwa nanga: kitu kimoja kinasema maneno mawili, matumaini na Kristu, nao wavuvi wa Kivu huelewa bila mahubiri. Hapo kazi ni bora. Lakini watu wanne wanaokumbatiana wanategemea sana rangi zao. Katika karatasi iliyonakiliwa kwa wino mweusi, hushikamana hata ni vigumu kuwahesabu. Hofmann angemrudishia mwanafunzi wake kazi hiyo aitengeneze tena.

Basi, kamati ikitaka nembo, ifanye majaribio matatu. Kwanza, ichorwe kwa makaa ukutani; isipowezekana, ipunguzwe. Pili, aonyeshwe mama asiyejua kusoma, bila kuelezwa lolote, aseme anaona nini. Tatu, tujiulize kama tunalitenda neno lile. Shirika linalochora mikono miwili inayoshikana, na huku mjane wa jirani hana anayemtembelea, limefanya kama yule mwenye duka la dawa. Majaribio mawili ya kwanza tumefundishwa na Waswisi. La tatu tumefundishwa na Injili, na bila hilo mengine hayafai kitu.