Ukurasa wa Mwisho wa Barua ya Takuan

Barua ya mtawa Takuan Soho kwa Yagyu Munenori imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa. Wanakuuzia ati itakufanya bosi mtulivu, mchezaji bora, mtu asiye na wasiwasi. Takuan (1573–1645) alikuwa mtawa wa Zen. Munenori alifundisha upanga kwa ukoo wa Tokugawa, watawala wa Japani. Kwa Kiingereza wengi huisoma katika The Unfettered Mind, tafsiri ya William Scott Wilson ya 1986. Ni fupi, safari moja ya matatu inaimaliza.

Hoja yake ni moja: ugonjwa wa mpiga upanga ni moyo kusimama. (Neno lao kokoro ni moyo na akili kwa pamoja. Mimi nachukua moyo, maana Kiswahili tayari kinajua moyo unavyosita.) Ukiona upanga unakujia na moyo ukagandia hapo, umekwisha. Ukigandia upanga wako mwenyewe, umekwisha. Ukigandia hamu ya kushinda, vilevile. Anamtaja Kannon mwenye mikono elfu: moyo ukikwama kwenye mkono mmoja ulioshika upinde, ile 999 inabaki mapambo.

Na si maneno matupu. Shule za zamani za upanga hufundisha kwa kata: watu wawili, panga za mbao, hatua zilizopangwa tangu zamani. Katika shule nyingi mkubwa ndiye hushika upande unaoshindwa, ili mdogo ajifunze kukata kwa wakati wake. Mwanzoni hujui kitu, kwa hivyo moyo hauna pa kusimama. Ukifundishwa mguu uwekwe wapi, mkono wapi, unaanza kusimama kila mahali. Takuan anasema miaka ya mazoezi inakurudisha ulikoanza, ila sasa mwili unajua. Hapo namkubali kabisa.

Ninapokwama ni kwa D.T. Suzuki. Kitabu chake kuhusu Zen na utamaduni wa Kijapani kilitoka 1938, na ndicho kilichowafanya wasomaji wengi wa nje waone upanga na Zen ni pacha. Si kweli hivyo. Katori Shinto-ryu, mojawapo ya shule kongwe zaidi, imefungamana na hekalu la Kishinto la Katori. Miyamoto Musashi, katika Gorin no Sho, anasema wazi kwamba haazimi maneno ya zamani ya Kibudha, kisha anaongea mdundo, umbali, na namna ya kumkata mtu. Mkavu kweli kweli.

Lakini historia ni kosa dogo. Suzuki anafika mahali anasema mpiga upanga wa kweli hana nia ya kuua, ni upanga wenyewe unaoua, na adui anajiletea kifo. Hebu isome tena ukikumbuka majeshi ya Japani yalivyokuwa China. Mtu ameuawa na hakuna aliyeua! Brian Victoria, katika Zen at War (1997), ameonyesha jinsi lugha ya aina hii ilivyotumikia vita. Mbegu zake zimo kwa Takuan pia, siwezi kumtetea hapo: naye anaongea kuhusu upanga, mkono na mwili kuwa vitupu, kana kwamba hakuna anayekatwa.

Ila barua ina mwisho wake, na mwisho huo ndio wauza utulivu wanauruka. Baada ya utupu wote ule, Takuan anamgeukia rafiki yake na kumkaripia. Mwanao ana tabia mbaya, na wewe babake ndiwe wa kujirekebisha kwanza. Unapenda kucheza ngoma na unajivunia mno uchezaji wako. Mabwana wakubwa wakikusifu, unawasemea vizuri kwa shogun. Yaani, rushwa ya sifa. Anayeandika haya alifukuzwa mjini 1629 kwa kuipinga serikali hiyo hiyo, akasamehewa 1632.

Kwenye upanga, nafsi iyeyuke. Kwenye ofisi na nyumbani, anataka jina la mhusika. Sijaona kwamba Takuan anazipatanisha hizi mbili, na sidhani alijaribu. Ukikipata kitabu, anzia huko nyuma.