Nahodha Wengi

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, mwanachuo aliyetaka kujua alama zake alianza kwa mkufunzi wa somo, akatumwa kwa mkuu wa idara, kisha ofisi ya taaluma, mwisho kwa makamu wangu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka mmoja alama za binti mmoja za mazoezi ya kufundisha hazikufika Baraza la Mitihani, naye akakaa mwaka mzima bila cheti. Nilimlaumu karani. Leo nakiri: utaratibu ule niliupanga mimi, kwa raha yetu wakubwa, si kwa haja ya mwanachuo. Mpeni mlango mmoja, na mtu mmoja wa kumjibu.